Mbono wa Nyuma ya Bafu

Nambari ile ilikuwa ukurasa wa arobaini na moja, katikati ya jedwali, imetulia kama mgeni aliyekwisha kumiminiwa chai. Kilo tatu na robo. Hayo, ripoti ilisema, ndiyo mavuno ya mbegu kwa mwaka ya mti mmoja wa mbono katika ardhi kavu ya Voi na viunga vyake, bila kumwagiliwa maji. Wakio aliisoma akapita. Akarudi. Akaisoma tena, kidole kikiwa juu yake.

Alikuwa ofisa mipango wa Mfuko wa Nishati ya Mimea, shirika lenye vyumba vitatu juu ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Voi. Kazi yake mwezi huo ilikuwa moja: kuandika mpango wa miaka mitano wa kugawa fedha za utafiti na uendelezaji wa mafuta ya mimea, yale ambayo wakubwa husema yataendesha malori ya barabara ya Mombasa na, Mungu akipenda, hata ndege. Jumanne kamati ingekutana kuupitisha. Rasimu ilikuwa tayari. Katika kila shilingi kumi, nane ziende kwenye miche ya mbono na kinu cha kukamulia mbegu kitakachojengwa Maungu. Moja iende kwenye mafunzo ya wakulima. Na moja iliyobaki, kama makombo ya mkate, iende kwenye utafiti. Utafiti uombe zaidi kwa sababu gani? Mavuno yanajulikana. Yako ukurasa wa arobaini na moja.

Lakini Wakio ana tabia ambayo wenzake wa ofisini huihesabu kuwa maradhi: haoni nambari bila kuuliza ilizaliwa wapi. Akaifuata tanbihi. Ripoti hiyo ya washauri iliinukuu nambari kutoka ripoti ya mwaka 2017. Ile ya 2017 iliitoa kwenye kijarida cha kilimo cha 2011. Na chini ya kijarida, kwa herufi ndogo za kuumiza macho, paliandikwa: vipimo vya nyanjani, Sagalla, 2009.

Vipimo vya Sagalla vya 2009 alivipima yeye.

Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwanagenzi wa mradi fulani uliokwisha kufa na kusahaulika. Walimpa mizani ya kuning'iniza na orodha ya vijiji sita, wakamwambia azunguke apime mibono. Nauli ilikauka kijiji cha pili. Isitoshe, shamba la mbono halikuwapo popote. Mbono ulikuwa ua tu, kijiti cha kuchomeka ardhini kikachipua, kwa kuwa mbuzi hawauli. Basi Wakio akapanda kwao Sagalla, kwa shangazi yake Loise aliyemlea tangu mamake alipofariki, na kwa mwaka mzima akawa anachuma na kupima mibono kumi na mmoja ya ua wa nyuma ya nyumba. Wastani ukatoka. Wakubwa wake wakafurahi, wakazidisha kwa miti elfu moja ya ekari moja. Kuzidisha hakugharimu kitu.

Watu wakapanda. Wakang'oa kunde na ndengu, wakapanda mbono, na baada ya miaka mitatu mti mmoja ukawapa robo kilo, mwaka mwingine pungufu ya hapo. Wakaing'oa kimyakimya. Ripoti iliyo mbele ya Wakio ilieleza msiba huo kwa sentensi moja: "Mavuno duni ya awamu ya kwanza yalitokana na uzembe wa wakulima." Sentensi hiyo Wakio alikuwa ameinakili kwenye mpango wake juma lililopita, akaendelea na aya iliyofuata.

Sasa hakuweza kukaa. Aliinuka, akafungua dirisha, akalifunga kwa sababu ya vumbi, akalifungua tena. Akamimina chai, akaisahau. Kwa nini mibono kumi na mmoja izae kilo tatu na robo, na maelfu mengine yazae robo? Alijua mizani ile haikuwa mbovu. Alijua hakutia chumvi. Hilo ndilo lililomnyima raha, maana kama angekuwa amesema uongo, angalau angejua pa kuanzia kutubu.

Jumamosi asubuhi alikodi bodaboda ikampandisha Sagalla. Njiani alijisemea kwamba anakwenda kumsalimu shangazi tu, lakini ndani ya mkoba alikuwa na mizani mpya ambayo bado ina kibandiko cha bei.

Loise alikuwa na miaka sitini na minane na mgongo ulionyooka wa mtu aliyebeba maji kichwani maisha yake yote. Alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha, akamletea uji. Pembeni mwa ua palikuwa na lundo la mashina ya kunde, mabichi bado, maua yake yamesinyaa.

"Shangazi, kunde hizi zimefanya nini?"

"Nimeng'oa." Loise alitabasamu kama mtoto aliyefagia nyumba bila kuambiwa. "Zile ekari mbili za chini, zote. Everlyne alitangaza kanisani ati mbono inarudi na safari hii kuna kinu Maungu. Nikasema mimi nitakuwa wa kwanza."

Wakio aliweka kikombe chini. Everlyne alikuwa mwakilishi wa wakulima wa Sagalla, na alichotangaza kanisani kilikuwa kimetoka kwenye barua ambayo Wakio mwenyewe aliiandika.

"Lakini kunde zilikuwa na maua, shangazi."

"Maua yatakuja mengine." Loise alivuta kigoda karibu, akashusha sauti ingawa walikuwa wawili tu. "Mwanangu, hili neno nimekaa nalo. Ile mara ya kwanza nilikuaibisha. Wewe ulitoka hapa na jina zuri, na miti ni hii yangu ilikupa hilo jina. Halafu mimi nikapanda ekari mbili ikakataa. Nililima. Nilipalilia mpaka vidole vikatoka damu. Lakini pengine sikupalilia vile inatakiwa, sijui. Watu walisema shangazi ya ofisa ndiye mvivu wa kwanza. Unisamehe. Safari hii sitakuangusha."

Zaidi ya miaka kumi mwanamke huyu alikuwa amebeba lawama isiyokuwa yake, na aliyekuwa na haki ya kumtua mzigo alikuwa ameketi hapa, uji wake ukipoa.

"Usiseme hivyo, shangazi," alisema hatimaye. Hakusema zaidi.

Loise aliinuka, akachukua taulo na ndoo yenye maji kiasi cha kuficha kifundo cha mkono, akaenda kuoga kabla jua halijawa kali. Wakio akazunguka nyuma ya nyumba na mizani yake. Mibono ilikuwepo bado, kumi na mmoja, imenenepa, majani yake mapana yana kijani ambacho hakikuwa mahali pengine popote katika kilima hicho mwezi huo. Alichuma tawi moja la matunda, akalitundika mizani. Liliivuta mizani chini.

Ndipo akasikia maji. Yalianza kumwagika ndani ya bafu la mabati, kata moja, kimya, kata nyingine, kisha yakatokea chini ya bati, ya kijivu, yana povu la sabuni. Yakaingia kwenye kijifereji chembamba kama upana wa mkono. Yakafika mbono wa kwanza, yakauzunguka, yakaendelea kwenda wa pili.

Wakio alisimama akiyatazama hadi yalipozama ardhini.

Kijifereji kile alikichimba yeye, akiwa darasa la tano, kwa jembe lililovunjika mpini. Maji ya kuoga yalipita humo. Maji ya vyombo na ya kufulia aliyaleta kwa beseni na kuyamwaga pale pale jioni. Hakuna mtu wa Sagalla amwagaye maji penye udongo mtupu. Maji yanayopandishwa mlimani kwa mtungi wa lita ishirini hufanya kazi mara mbili: humwosha mtu, kisha hulisha mti. Ni jambo la kila siku, hata halina jina. Na kwa sababu halina jina, fomu ya mradi ilipouliza mwaka 2009, "Je, miti inamwagiliwa maji?", binti wa Sagalla alichukua kalamu akaandika, kwa moyo mweupe, "Hapana." Kumwagilia kulikuwa ni kwa watu wenye mabomba. Wao walikuwa wakioga tu.

Mgeni kutoka Nairobi angeuona mfereji ule siku ya kwanza. Ilihitaji mtu wa nyumbani asiuone kwa mwaka mzima.

Alirudi Voi siku hiyo hiyo bila kumwambia shangazi lolote. Alijidanganya kwamba kwanza atalinyoosha jambo ofisini. Ukweli ni kwamba aliogopa. Jumapili alizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia, akafua nguo safi, akampigia simu shangazi na kukata kabla haijaita.

Jumanne, nusu saa kabla ya kikao, alimweleza mkurugenzi wake, Geoffrey, kwenye ujia. Geoffrey hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, aliyetumia miaka miwili kuwabembeleza wafadhili waione Taita Taveta kwenye ramani.

"Bafu," alisema Geoffrey, akijishika paji la uso. "Wakio, unataka niingie mle niseme bafu?"

"Nitasema mimi."

"Nambari hiyo imepita kwa wataalamu watatu. Wewe ni nani uipinge?"

"Mimi ndiye niliyeizaa."

Geoffrey aliangalia mlango wa ukumbi, akamsogelea. "Sikiza. Tukisema leo hatujui mavuno, hizi pesa zitahamia kaunti nyingine. Vijana wa Maungu wanangoja kinu. Na mkataba wako unaisha Juni, sikutishi, nakukumbusha. Acha mpango upite. Utafiti utarekebisha mbele ya safari."

"Kwa shilingi moja katika kumi? Na shangazi yangu ameshang'oa kunde."

"Shangazi yako?"

Mlango ulifunguliwa na wakaitwa.

Kamati ilikuwa ya watu tisa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Abdulghani, mfanyabiashara wa nafaka mjini Voi, mtu wa kofia safi na maneno machache, ambaye kila kikao alikuja na kalamu yake mwenyewe kwa kuwa kalamu za watu hazimwandikii vizuri. Nyuma, karibu na birika la chai, waliketi wawakilishi wa wakulima, na miongoni mwao Everlyne, daftari mapajani.

Wakio alianza vizuri. Alieleza kinu, alieleza miche, alieleza malori. Ilipofika picha yenye jedwali, alikatiza maelezo. Aliitazama ile kilo tatu na robo ikiwa imekuzwa ukutani, kubwa kuliko mtu, na alitamani sana kuwa mwoga siku moja zaidi.

"Nambari hii si sahihi," alisema. "Niliipima mimi."

Akawaeleza. Alieleza nauli iliyokauka, mibono kumi na mmoja, fomu na ile "Hapana". Alipofika kwenye povu la sabuni, mtu mmoja alicheka, kisha wawili, kisha chumba kizima. Geoffrey alikuwa anatazama viatu vyake.

Mzee Abdulghani hakucheka. Aliinua kalamu, wakanyamaza.

"Mwanangu, nifahamishe mimi muuza mchele. Miti hiyo ikinywa maji ya nani?"

"Ya shangazi yangu, mzee. Na yangu. Tulioga hapo."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na hizo ekari elfu nne za Maungu mnazotaka kupanda." Alizungusha macho mezani taratibu, mtu mmoja baada ya mwingine. "Huko nani atakwenda kuoga?"

Hapo hakuna aliyecheka.

Wakio alifungua ukurasa wa mwisho, ule aliouandika Jumatatu na ambao Geoffrey hakuwa ameuona. Aliomba mgawanyo ugeuzwe: miaka mitatu ya kwanza, sehemu kubwa ya fedha iende kwenye mashamba ya majaribio yasiyopata hata tone zaidi ya mvua ya Mungu, mbegu za aina mbalimbali, Sagalla, Ndara na Maungu. Kinu kingoje. Pengine mbono usifae kabisa, akasema, na hilo nalo tulilipie ili tulijue. Kisha akaomba ile sentensi ya uzembe ifutwe.

Everlyne alisimama bila kuomba ruhusa. "Hiyo sentensi ya uzembe, kwenye huu mpango iliandikwa na nani?"

"Na mimi."

Everlyne alifunga daftari, akabeba mkoba wake. Aliondoka kabla ya chai.

Kamati haikupitisha na haikukataa. Walimpa mwezi mmoja alete mpango mpya. Wakati wa kutoka Abdulghani alimshika bega akasema, "Mficha uchi hazai," akaenda zake. Geoffrey alikunja nyaya za projekta mwenyewe, polepole, na kuhusu Juni hakusema neno.

Wakio alikuwa amepanga kupanda Sagalla alfajiri ya kesho yake, afike kabla ya habari. Lakini Everlyne alipita nyumbani kwa Loise jioni ile ile.

Asubuhi Wakio alimkuta shangazi ameketi kwenye kigoda akiosha vyombo. Hakuinuka. Mikono miwili ya kumpokea haikunyooshwa.

"Umeambia watu wa suti kabla yangu," Loise alisema.

"Shangazi..."

"Jumamosi ulikunywa uji wangu. Nikakuomba msamaha, mimi, na hizi mvi. Ukanyamaza."

"Niliogopa."

"Mimi nimepita njia ya nyuma kwenda kanisani zaidi ya miaka kumi, ndiyo nisipite karibu na lile shamba na watu." Alisugua sufuria iliyokwisha kutakata. "Nilifikiri mkono wangu ndio mbaya. Hata mahindi yakikauka kwa kila mtu, mimi nilikuwa nasema ni mkono wangu. Na kumbe ni maji ya kuoga!"

Sauti yake ilipasuka kwenye neno la mwisho, na Wakio hakujua kama ni kicheko au kilio. Alichuchumaa mbele yake. Alitaka kumshika mikono lakini ilikuwa ndani ya maji.

"Si mkono wako, shangazi. Haukuwa mkono wako hata siku moja. Ni mimi."

Loise aliendelea kuosha. Kijiko. Kikombe. Sahani ya bati ambayo Wakio aliilia utotoni, rangi imebanduka pembeni. Kuku walipita. Muda huo wote Wakio alibaki amechuchumaa hadi miguu ikafa ganzi, na ilimwia afadhali kidogo kuwa na kitu kinachouma.

"Hizo ekari mbili ziko tupu," Loise alisema mwishowe, bila kumtazama. "Everlyne anasema unatafuta shamba kavu la kujaribu."

"Sikuja kukuomba."

"Sijasema umeomba. Ekari moja narudisha kunde zangu, mvua ikinyesha. Hiyo nyingine panda mbono yako. Usiipe hata tone. Na ikikataa," aliinua kidole chenye povu, "utakuja kusimama kanisani wewe, useme imekataa, na ni kwa nini."

"Nitasimama."

Loise aliinuka, magoti yakalia. Alibeba beseni la maji ya vyombo, akazunguka nyuma ya nyumba kama afanyavyo kila siku, na Wakio akamfuata. Mbele ya mbono wa kwanza aliinamisha beseni. Kisha akasita. Akalinyoosha tena, akamgeukia Wakio na kumpa.

"Pima kwanza," alisema.

Wakio alikwenda jikoni akaleta jagi la lita moja. Alipiga magoti kando ya kijifereji alichokichimba akiwa darasa la tano, akachota, akahesabu kwa sauti, akimwaga kila jagi kwenye shina. Loise alisimama juu yake, mikono kiunoni, akihesabu naye kwa midomo. Moja. Mbili. Zilifika saba, na ndani ya beseni kukabaki maji machache yenye punje tatu za wali.

"Saba," Wakio alisema, akatoa kalamu.

"Na hayo yaliyobaki?"

"Ni kidogo sana, shangazi."

"Andika," Loise alisema.